Sheria ya Chumba Chekundu

Kuna siku moja ambayo kwangu haijaisha, mwanangu. Jua lilikuwa juu, watu wamevaa nguo za Jumapili, na Jepkoech alikuwa ameinua mpira kwa mkono wake wa kushoto akaruka kuutupa. Aliruka vizuri. Aliporudi chini, uwanja haukumpokea. Simenti ilitoa sauti ndogo tu, kama sufuria inayowekwa juu ya meza, halafu pale alipokuwa hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikikimbia, na miguu haikuwahi kusimama. Nikamfuata.

Jambo ambalo watu hawaniamini nikiwaambia ni yale makofi. Watu wa nyuma walikuwa bado wanapiga makofi, kwa sababu mpira ulikuwa umeingia kwenye pete. Niliyasikia nikiwa chini, ndani ya maji meusi yenye harufu ya dawa, giza mbele na nyuma, na tundu la mwanga juu ya kichwa changu. Makofi, na miguu ya watu ikitembea juu ya dari yangu. Nilishika kitu nikadhani ni mkono wake. Kilikuwa kipande cha ubao.

Mimi nilitolewa. Jepkoech naye alitolewa, lakini baadaye.

Nimeanza hapo makusudi. Nyinyi vijana mlikuja kwangu juzi na sheria za ligi yenu mpya ya basketboli, mkaniomba neno la wazee lisomwe siku ya ufunguzi. Nadhani mlitaka niseme mheshimu refa, msitukanane, mcheze kama ndugu. Hayo wataandika waliosoma. Mimi niliachia darasa la nne na ninaandika vile ninavyosema. Nitawaambia habari ya sheria moja tu, na walioitunga nitawataja kwa majina. Sikuja kuungama. Katika habari hii sina la kuungama. Wenye la kuungama wako hai, na mmoja wao mmemwalika.

Baba alitutoa Murang'a na lori, miaka michache baada ya uhuru, kwa kuwa alikuwa amenunua hisa katika shamba la mzungu upande huu wa Ainabkoi. Wenye hisa walikuwa mchanganyiko. Wengine walitoka kwetu, wengine ni Wanandi wa hapa hapa waliokuwa wakimfanyia mzungu huyo kazi. Mzungu alipoondoka aliacha nyumba, ghala, ng'ombe wake wazee ambao hakupata mtu wa kuwanunua, na josho.

Josho, kwa nyinyi mliokua na pampu ya kunyunyizia dawa, ni mfereji mrefu wa simenti, mwembamba, upana wa ng'ombe mmoja, na kina chake kinampita mtu mrefu. Unajazwa maji na dawa ya kupe. Ng'ombe wanapangwa foleni, wanaruka ndani mmoja mmoja, wanaogelea, wanatokea upande wa pili kwenye ngazi ya simenti. Dawa ya wakati huo ilikuwa sumu hasa. Bwana wa mifugo alikuja akaiambia kamati ya shamba kwamba shimo hilo lijazwe mawe mpaka juu kabla familia hazijaanza kukaa hapo na watoto.

Basi mama zetu wakabeba mawe. Waliyatoa mtoni, wakayabeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mawe ya mviringo, rangi ya majivu. Rundo likawa kama nyumba kando ya josho. Halafu ikaja wiki ya kupiga kura ya namba za mashamba, ambapo kila mwenye hisa alitakiwa kufika Eldoret mjini atoe karatasi yake kwenye kofia ajue kipande chake ni kipi. Watu wote walienda, na watoto wao, kwa sababu kila mtu alitaka macho mengi yashuhudie. Waliobaki shambani ni watu wa kamati. Tuliporudi, rundo la mawe halikuwepo, josho halikuwepo, na mahali pake palikuwa na sakafu ya simenti, pana na laini.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Gachanja. Alisimama juu ya ukingo wa ile sakafu akasema, "Mawe yenu yako hapo chini. Kamati imewamalizia kazi. Watoto wapate pa kucheza."

Watu wakamshukuru. Mama yangu alimshukuru, na mgongo bado ulikuwa unamuuma. Ilikuwa pia ndiyo miezi ambayo duka la Gachanja lilianza kupanda pale senta, duka la kujengwa kwa mawe, la kwanza la aina hiyo upande wetu. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Tulikuwa watu wenye furaha, mwanangu. Mtu aliyepata ardhi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza haangalii mawe.

Katibu wa kamati aliitwa Kirwa. Alikuwa kijana bado, amesoma, na shuleni kwao alicheza basketboli. Ndiye aliyesimamisha nguzo mbili za mtarakwa na kuzifunga pete za mapipa. Ndiye aliyetufundisha kudunda, kupasi, na kutokimbia na mpira umeukumbatia kama kuku wa wizi. Timu yetu ilikuwa ya wavulana na wasichana pamoja, kwa sababu wavulana wengi walikuwa wakichunga. Na kabla hatujagusa mpira hata mara moja, Kirwa alichukua rangi nyekundu ya mabati akachora kwenye simenti, mbele ya pete ya upande wa ghala, umbo refu jembamba, upana wa ng'ombe mmoja.

"Hiki ni chumba," akatuambia. "Mguu wa mtu hauingii ndani ya chumba. Mpira ukiingia, tunautoa na fimbo, na unapewa ile timu nyingine. Mwenye kukanyaga hachezi tena mwezi mzima."

"Kwa nini?" Jepkoech akauliza.

"Ni sheria ya basketboli. Hata Amerika wako nayo."

Sasa Jepkoech nimwelezeje. Alikuwa binti wa mzee Lelei, mchungaji wa ng'ombe wa shamba. Alikuwa mrefu kuliko wavulana, anatumia mkono wa kushoto, na mdomo wake haukupumzika. Mimi na yeye tulichota maji pamoja, tulipalilia pamoja, yeye akinifundisha Kinandi kibaya makusudi ili nichekwe na mama yake. Uwanjani alikuwa akiniambia, "Njoki, unakimbia kama mtu aliyesahau chungu motoni." Nami namjibu, "Afadhali mimi nakimbia. Wewe unasimama tu kama nguzo, mpira ukugonge."

Tuliiamini ile sheria. Tungejuaje? Hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameona basketboli mahali pengine. Fimbo ya kutolea mpira ilikaa kwenye nguzo, na sisi tulijifunza kuzunguka chumba bila kukiangalia, kama unavyozunguka jiko nyumbani ukiwa umebeba mtoto. Vijana wa mashamba mengine walikuja kujifunza kwetu, wa Plateau, wa Kapseret, na hivyo ndivyo ligi ilivyozaliwa. Nao waliporudi kwao walichora vyumba. Hapo ndipo jambo hili linaanza kunisimamisha nywele mpaka leo. Tulienda Kapseret kucheza, uwanja wao ni udongo uliopigwa kwato, na mbele ya pete wamechora chumba cha majivu, kirefu, chembamba, kipimo kile kile. Watoto wao wanakizunguka. Mvulana mmoja wa huko aliniambia, bila kucheka, kwamba mpira ukianguka ndani ya chumba chao unalia tofauti. Nilipiga magoti nikagonga na kiganja. Udongo mtupu. Lakini ungeniambia niingie, nisingeingia.

Kwetu ulilia tofauti kweli. Kwenye simenti nyingine mpira ulisema ta, ta, ta. Ukiangukia chumbani ulisema tum, polepole, halafu nyuma yake ukasikia tum nyingine, ya chini zaidi, kana kwamba kuna mtu huko chini aliye na mpira wake naye anatufuatisha. Jepkoech alikuwa akilala kifudifudi nje ya mstari, sikio kwenye simenti.

"Wanacheza," ananiambia.

"Kina nani?"

"Hao wa chini. Na wanatushinda, Njoki."

Tunacheka, kisha tunaacha kucheka wote kwa pamoja. Baada ya mvua kulikuwa na harufu inayopanda kwenye nyufa, harufu ya dawa, kali ya kuumiza macho. Kirwa alisema ni rangi.

Halafu kulikuwa na wale ng'ombe. Wakati wa mzungu, Alhamisi ilikuwa siku ya josho. Wale ng'ombe wake wazee walikuwa wakitoka malishoni wenyewe, Alhamisi, bila mtu wa kuwafukuza, wanakuja mpaka ukingo wa uwanja wetu. Hapo wanajipanga. Mmoja nyuma ya mwingine, vichwa chini, wanaelekea chumba. Wa mbele ananyoosha mguu, anagusa simenti, anaurudisha. Wanasimama hivyo muda mrefu. Mwishowe wanazunguka nje ya uwanja, na wakifika upande wa pili, pale ilipokuwa ngazi ya kutokea, wanasimama tena na kujipukusa, masikio na mkia, kama wanavyofanya wakilowana. Ngozi zao zilikuwa kavu.

"Timu ya Alhamisi imefika," tulikuwa tukisema, na tunawapisha.

Mzee Lelei alikuja na fimbo yake akawaondoa. Alisema ni mazoea tu, ng'ombe hajui kuwa shimo limejazwa. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, kama sisi wote.

Aliyekataa kuambiwa ni nyanya yangu, ambaye nyumbani tulimwita Cucu. Nilikuwa namsimulia ile mechi ya Kapseret huku tukichambua maharagwe, nikafika kwenye chumba, akaacha kuchambua.

"Hapo ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Cucu. Ni sheria."

"Ya kumlinda nani?"

"Sio ya kumlinda mtu. Ni sheria ya mchezo."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia nguo aliyoishona ikiwa imepasuka. "Mimi nimezaa, nimelea, nimekataza watoto kila aina ya kitu," akasema. "Usiguse moto, utaungua. Usiende mtoni, maji yamejaa. Sijawahi kumkataza mtoto mahali nikakosa la kumwambia. Huyo aliyewakataza ana la kusema. Mwendee akuambie. Na mpaka akuambie, usicheze hapo."

Kesho yake alienda mwenyewe, na bakora yake, akamkuta Kirwa akipaka nguzo mafuta. Nilikuwepo. Alimuuliza Kirwa swali lile lile. Kirwa akacheka, akasema, "Cucu, huu ni mchezo wa wasomi. Utauelewa wapi?"  Cucu alimtazama mikono, kwa maana mikono ya Kirwa ilikuwa imeacha kupaka mafuta. Kisha akageuka akaenda nyumbani. Nami nikaendelea kucheza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa fainali, sisi na Kapseret. Kamati ilimwalika DO, yule mkuu wa tarafa, na mjini wakatuletea refa wa kweli, mtu aliyeitwa Ezekieli, na filimbi shingoni. Viti viliwekwa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, kimoja cha DO, kimoja cha Gachanja aliyevaa koti, kimoja cha Kirwa. Mama zetu walikaa kwenye majani upande wa pili. Jepkoech siku hiyo aliwekwa nje, kwa sababu kisigino chake kilikuwa kimechomwa na mwiba. Alikaa kando akitukejeli sote, wa kwetu na wa Kapseret, bila ubaguzi.

Refa Ezekieli alikagua uwanja. Akafika kwenye chumba, akasimama na mikono kiunoni.

"Hii ni nini?"

"Chumba," tukajibu, timu zote mbili kwa pamoja.

"Chumba cha nani?"

DO akacheka, na wazee wakacheka kwa kuwa DO amecheka. Kirwa akainuka kwenye kiti. "Refa, hiyo ni sheria ya ligi yetu. Tuiache tu ilivyo."

"Bwana Katibu, mimi nimekuja na sheria za mchezo, na hii haimo. Lakini sikatai. Nipe sababu moja tu, nitaiacha."

Mwanangu, hapo ndipo ningependa usimame uangalie kama mimi nilivyoangalia. Kirwa alifungua mdomo, akamgeukia Gachanja, na macho ya uwanja mzima yakamfuata. Gachanja alimwangalia DO. Kisha akawaangalia mama zetu pale kwenye majani, wale waliobeba mawe. Alijua kama akisema sababu, itabidi aseme na mawe yako wapi. Akavuta koti lake, akasema, "Sababu hakuna. Ni mambo ya watoto. Wacheze vile refa anasema."

Na kabla filimbi haijalia, akaita, "Muturi. Kuja ushikie mgeni mwavuli."

Muturi alikuwa mwanawe, na ndiye aliyekuwa akitufungia vikapu vingi. Akasema, "Baba, mechi inaanza."

"Nimesema kuja."

Hakukuwa na wingu. Na mgeni, nimekwisha kusema, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ghala. Muturi alitoka uwanjani akilia kwa hasira, akafungua mwavuli juu ya kichwa cha mtu aliye kivulini, na nafasi yake ikabaki wazi. Jepkoech alikwisha kuinuka. Alipita karibu yangu akichechemea kidogo, ameangaza uso wote.

"Asante, mwavuli," akasema.

Tulicheza. Na hili waliokuwepo wote wanalikumbuka: ijapokuwa refa alisema chumba hakipo, hakuna aliyekiingia. Watu kumi walikimbia huku na huku wakizunguka mahali patupu, Kapseret kama sisi, na kelele za watazamaji zikawa zinapungua, kwa sababu hata kwa mtu asiyejua mchezo ilikuwa inaogofya kuangalia. Ezekieli alikuwa akipiga filimbi na kuuliza, "Mnaogopa nini?" Hatukujua tunaogopa nini.

Kisha mpira ukamponyoka mtu, ukabingirika chumbani, ukasimama katikati. Tum. Na ile nyingine ya chini. Tukasimama sote. Fimbo ilikuwa kwenye nguzo lakini refa akasema mpira uko hai, mwenye kuutaka auchukue.

Jepkoech akaniangalia. "Ngoja nikawasalimie hao wa chini," akasema, na akaingia.

Hakuna kilichotokea. Aliuchukua mpira, akasimama pale katikati ya rangi nyekundu, mtu wa kwanza kusimama hapo tangu ichorwe, na akapiga mguu chini mara moja kutuonyesha. Watu wakacheka kwa kupumua. Nami nikaanza kukimbia kwenda upande wake, ili akitaka kunipasia anione. Akageuka, akaruka. Mengine nimeyasema.

Lakini sijasema hili. Nilipokuwa kule chini, nilimsikia Kirwa. Sauti yake ilikuja kupitia simenti, akipiga kelele: "Sio hapo. Vunjeni upande wa huku, kuna ngazi." Wengine wote walikuwa wakilia na kukimbia ovyo. Yeye alijua ngazi bado iko wazi. Mtu anajuaje ngazi iko wazi ndani ya shimo lililojaa mawe? Walivunja na majembe pale aliposema, na mimi nikatolewa hapo, kwenye ngazi ya ng'ombe, karibu na pale walipokuwa wakijipukusa. Gari la DO lilitupeleka wote wawili hospitali ya misheni, Plateau. Ngozi ya miguu yangu ilitoka kama soksi. Sauti hii mnayoisikia kwangu, ya kukwaruza, ambayo watoto wenu wanaigiza wakidhani sijui, niliipata siku hiyo, kwa maji niliyomeza. Jepkoech aliwekwa gari moja na mimi, lakini alikuwa amefunikwa.

Walipofukua waliona kila kitu. Mbao za mazizi, zimeoza. Mabati ya mzungu, yameliwa na kutu. Simenti juu yake, unene wa mkate. Jiwe hata moja, hakuna.

Mzee Lelei alimwendea Gachanja mbele ya watu, matangani. Alimuuliza neno moja: "Ulijua?"

Gachanja akavua kofia. "Mzee, mzungu alituachia mtego," akasema. "Ni ajali."

Na ikawa ajali. Waliokuja kuuliza waliandika ajali. Mzungu alikuwa amekwenda zake, hawezi kujibu, na kila mtu aliona ni rahisi kumlaumu asiyekuwepo kuliko anayekuuzia chumvi. Wale ng'ombe waliendelea kuja Alhamisi, hata baada ya shimo kujazwa udongo, mpaka wa mwisho alipochinjwa. Mzee Lelei hakuwaondoa tena. Alisimama nao kwenye foleni.

Kuhusu mawe. Mama yangu alienda senta siku moja, akakaa kwenye kibaraza cha duka la Gachanja kupumzika, mkono wake ukagusa msingi wa duka. Alilijua lile jiwe. Lina mstari mweupe unaolizunguka kama mshipi, na alilibeba mwenyewe kutoka mtoni, likamchuna mgongo. Alienda kwa kamati akawaambia. Wakamwambia mawe yanafanana. Liko pale mpaka leo, kona ya kushoto ukiingia. Nendeni mkaliangalie. Duka zima limesimama juu ya kazi ya mama zetu.

Sasa nasaha, mwanangu, kwa maana ndizo mlizoomba.

Katika zile sheria zenu mlizoniletea, kila moja itafutiwe aliyeitunga, na asimame uwanjani mbele yenu aseme inamlinda nani. Akikosa jibu, au akikucheka, usicheze hapo, hata kama mnaongoza. Kuheshimu mkubwa hakukuzuii kumuuliza. Na sheria ikiondolewa ghafla kwa sababu mgeni amefika, usiangalie mgeni. Usiangalie refa. Mwangalie aliyeiondoa, uangalie mtoto wake amekaa wapi. Kama amemwita wa kwake kando, hata kwa sababu ndogo kama mwavuli, wewe nawe toka. Toka bila kuomba ruhusa. Watakuita mwoga, na utazeeka ukiitwa hivyo, lakini utazeeka.

Refa Ezekieli simwekei kinyongo kikubwa. Aliuliza. Kosa lake ni kukubali jibu.

Mungu awape pumzi ndefu na magoti mazima. Ardhi mtakayoikanyaga iwe imejaa mpaka chini. Mkitoka nyumbani mkiwa kumi mrudi kumi, wachovu, wenye vumbi, mkigombania nani alicheza vibaya, na mama zenu wawasikie mkiwa bado mbali barabarani.

Na wewe Kirwa, uliyeko Kapseret unafuga ng'ombe wa maziwa na watu wanakuita mwalimu. Njoo siku hiyo. Ulijua ukachora rangi badala ya kusema, na siku ya kusema ulifungua mdomo ukaufunga. Njoo uufungue.

Na wewe Gachanja. Vijana wamekuomba utupe mpira wa kwanza, na najua utakuja, kwa maana unapenda kiti cha mbele. Haya yatasomwa ukiwa umekaa. Usitume mtu akujibie, na usinitajie mzungu. Simama mahali ambapo ndugu zake Jepkoech wanakuona, utuambie: ulipomwita Muturi chini ya jua lile, ulikuwa unajua nini? Na kama ulijua ya kutosha kumtoa wako, kwa nini ulimwacha wa Lelei aingie?

Jibu kwanza, ndipo utupe mpira.